Umbo Ndani ya Umbo

Marehemu Eliwaza Kingu aliingia kwenye kompyuta yangu Jumatatu asubuhi akiwa na urefu wa sentimita tisa. Alisimama katikati ya kioo, mdogo kama kipande cha chaki, na mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni nyuma ya bega langu akisubiri kumwona.

"Ndiye huyo?" Zefania aliuliza.

"Ndiye, kaka. Ila bado hajafika vizuri."

Kasele, mwenzangu anayeendesha printa, alisogea na kikombe chake cha chai, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Huyu tukimchapa hivi, Mnyiramba, utampeleka nyumbani kwenye kiberiti."

Nilitamani kuzama chini ya meza. Lakini Kasele ni Mnyamwezi, na watani hawaachi utani kwa sababu ya msiba; msibani ndipo hasa wanapofanya kazi. Zefania alicheka kidogo kwa pua. Nadhani kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa wiki tano. Kisha akafuta macho kwa kiganja.

Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, mwenye vidole vinene vya fundi wa mitambo ya upepo. Yeye na mkewe walikuwa wakipanda minara ile mirefu iliyojipanga juu ya majabali ya Singida, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka siku kamba ya Eliwaza ilipokatika.

"Jumamosi tunaanua tanga," alisema. "Ukoo wote unakuja. Mama mkwe amemchonga mwenyewe kwenye kompyuta, wiki tatu, hakutaka mtu amsaidie. Nataka wakifika wamkute amesimama sebuleni."

"Atakuwepo," nikasema. Sipendi kuahidi kabla sijaona faili, na mara moja nikajuta.

"Ilikuwa zamu yangu siku ile," akaendelea, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa kila aliyemsalimia. "Jino lilikuwa linaniuma. Nikamwambia nenda, kesho nitakulipia zamu yako. Ningepanda mimi, dada. Ningepanda mimi."

Nikachukua fomu ya kazi, nikaandika jina la marehemu, jina la mteja, siku ya kuchukua. Safu ya mwisho ya fomu hiyo inaitwa Kasoro, na ni mimi niliyeidai miaka minane iliyopita, kwa sababu mafundi wa karakana yetu walikuwa na tabia ya kuficha makosa ndani ya sanamu, mahali ambapo mteja hawezi kuona. Mimi hapo sina urafiki na mtu. Tundu likiwa la sindano, ninaliandika. Kasele huniita Hakimu.

Nilipomsindikiza Zefania nje, tulimpita mzee aliyekuwa kwenye benchi na mkewe wa udongo, wakisubiri zamu ya kukata nywele. Mkewe alikuwa amefungwa kitenge kipya. Nywele zilikuwa zimefika mabegani, nusu zimeshaingia mvi, na mzee alikuwa amemshika mkono ili asianguke upande. Zefania alisimama.

"Naweza?" akamwuliza mzee.

"Mguse tu, baba."

Zefania akagusa kiganja cha yule mama kwa ncha ya kidole. Udongo hai huwa na joto la mtu. Hauoni, hausemi, haufikirii lolote, lakini ni wa moto, na huzeeka pamoja na mliobaki. Aliurudisha mkono wake mfukoni, akaenda zake bila kuaga.

*

Kuhamisha umbo kutoka programu moja ya uchongaji kwenda nyingine ni kama kuhama nyumba: vyombo vyote vinafika, ila sufuria utaikuta chumbani. Bibi Damari, mama yake Eliwaza, alichonga kwa Mfinyanzi, programu ya zamani inayotumia glavu, ile waliyokuwa wakifundishwa wastaafu bure. Printa yetu inaelewa Sanifu tu. Kati ya hizo mbili kuna mimi.

Nilianza na kimo. Mfinyanzi huhifadhi tarakimu bila kusema ni tarakimu za nini. Faili lilisema Eliwaza ana tisini na moja. Sanifu, ambayo kila kitu huhesabu kwa milimita, ikamfanya wa sentimita tisa. Nikasema labda bibi alichonga kwa sentimita. Akatoka mtoto wa miaka mitatu mwenye sura ya mtu mzima. Nikajaribu inchi, Eliwaza akapanda mpaka mita mbili na thelathini, kichwa kikapita dari ya chumba cha mfano.

"Huyo angembeba mumewe mgongoni," Kasele alisema kutoka kwenye printa.

Ningeweza kukisia. Zefania alikuwa amesema mkewe alimfikia kwenye nyusi. Lakini udongo hai hausamehe kukisia. Sanamu ikizidi kidole kimoja tu, mwenye nyumba atakuwa anapishana nayo kila siku mlangoni na kuhisi kuwa huyu si wake, bila kujua ni kwa nini. Nikaliacha suala la kimo, nikasema nitakwenda kumwuliza bibi mwenyewe. Nikageukia ngozi.

Ngozi ilikuwa ndani nje. Hilo ni kosa la kila siku. Umbo lote limeshonwa kwa vipande vidogo vya pembetatu, na kila kipande kina upande wa nje na upande wa ndani. Programu hizi mbili hazikubaliani upande upi ni upi. Kwa hiyo Eliwaza wangu alikuwa hana mbele. Nilikuwa namwona kwa ndani, kama mtu anayetazama kinyago kwa nyuma: matundu ya macho, upande wa ndani wa pua, uti wa mgongo. Dawa yake ni kubonyeza Geuza, na kidole changu kilikuwa kimeshafika.

Ndipo nikaona kuna kitu kinaelea tumboni.

Nikageuza ngozi. Umbo la Eliwaza likafungika, akawa mwanamke mzima, mzuri, mwenye kovu dogo kidevuni na kichwa kimeinama kushoto kidogo kama anasikiliza redio ya jirani. Na kile kitu kikafichika. Maandishi yakatokea chini ya kioo:

*Umbo ndani ya umbo. Kipande kimoja kilichofungwa. Futa? Jaza? Acha?*

Sasa, takataka za ndani ni jambo la kawaida. Wachongaji wa nyumbani huacha vitu. Nimewahi kukuta meno ya akiba kooni, na mara moja kigari cha kuchezea kwenye kifua cha babu wa watu, kazi ya wajukuu. Tunabonyeza Futa, tunaendelea. Kwa miaka kumi na moja nimebonyeza Futa mara nyingi kuliko nilivyopiga mswaki. Kilichonizuia safari hii ni mahali. Takataka huangukia popote. Hiki kilikuwa kimewekwa.

Nikakitenga, nikakikuza.

Kichwa kikubwa kilichoinamia kifua. Magoti yaliyokunjwa. Mikono miwili mbele ya uso, na vidole vimechongwa kimoja kimoja, kumi, na aliyevichonga hakuwa na haraka. Urefu wake, kwa kipimo kile kisichojulikana, ulikuwa tano kamili.

Nikavua glavu nikaenda kunywa maji.

Kasele alikuwa amesimama mbele ya kioo changu niliporudi. Hakuwa na utani.

"Futa," alisema.

"Umeona ni nini?"

"Nimeona. Ndiyo maana nakwambia futa." Akaketi kwenye kiti cha wageni, kikalalamika. "Unamkumbuka kijana wa Mama Nalaila?"

Ningemsahau vipi. Tulimchapa akiwa mtoto wa miaka kumi, na sasa mama yake humleta kila mwezi tumnyoe ndevu. Udongo hai husoma umbo unalopewa na kuliendeleza. Mzee utamzeesha. Mtoto utamkuza.

"Kitakua," Kasele alisema. "Tumbo litapanda. Mwezi wa sita, wa tisa, wa kumi na mbili. Udongo hauzai, Penina. Yule kaka atakuwa anaangalia tumbo la mkewe linapanda sebuleni na hajui litaishia wapi."

"Hajui kabisa," nikasema. "Angejua angetuambia. Ametuambia mpaka habari za jino."

"Basi ndiyo hivyo. Ameshajilaumu kwa mmoja, unataka umwongezee wa pili? Bonyeza, kazi iishe. Nani atajua?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakitaka. Nilimtazama yule mdogo, mikono mbele ya uso, na nikataka kwa moyo wote asiwepo, nipate kurudi kwenye matatizo yangu ya inchi na sentimita. Lakini kuna aliyekaa wiki tatu akachonga kucha kumi zisizozidi punje ya ulezi, akazifungia mahali ambapo jicho halifiki. Siwezi kufuta kitu kabla sijajua ni cha nani. Si wema. Ni ukaidi tu, nimezaliwa nao.

"Printa inahitaji siku moja na nusu," Kasele alikumbusha. "Alhamisi saa sita usipokuwa na jibu, Jumamosi hatuna sanamu."

*

Bibi Damari anakaa nje kidogo ya mji, upande wa ziwa Kindai. Jumatano mchana nilimkuta uani anapepeta uwele. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, mwenye macho ya mtu asiyependa kupotezewa muda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa karakana. Umekuja kuniambia nimekosea."

"Nimekuja kuuliza kipimo. Eliwaza ana tisini na moja. Tisini na moja za nini?"

Akaacha kupepeta. Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomoza upande gani.

"Vidole," alisema.

"Vidole?"

"Ile kompyuta iliniuliza kipimo, ikaniwekea kisanduku kitupu. Nikaandika kidole. Nimekuwa mkunga miaka arobaini. Tumbo la mwanamke unalipima kwa nini? Kwa upepo?"

Nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Kwa miaka yote kumi na moja nimekutana na futi, yadi, na bwana mmoja aliyechonga kwa hatua za miguu, lakini kidole cha mkunga sijawahi. Nikatoa kipimo changu cha chuma. Akanipa mkono wa kulia bila maswali. Nikapima upana wa vidole vyake kimoja baada ya kimoja, vidole vikavu vilivyobonyea kwenye viungo, nikapata wastani wa milimita kumi na nane. Nikazidisha hapo hapo kwenye simu.

"Mita moja, sitini na tatu na kitu," nikasema.

"Ndiye," alisema Bibi Damari. "Ndiye huyo." Akarudi kwenye ungo wake.

Ningeweza kuondoka wakati huo. Kimo nilikuwa nacho. Nilikaa kwenye kigoda nikahesabu kuku waliokuwa wanadonoa makapi, wakafika saba.

"Mama, kuna kingine. Cha vidole vitano."

Ungo ukaendelea kupanda na kushuka.

"Programu zenu zinaona mpaka ndani?"

"Zinaona."

"Nilidhani mtu akishafungwa, amefungwa." Alipepeta kidogo tena, kisha akauweka ungo chini, taratibu, ili uwele usimwagike. "Alikuja hapa siku mbili kabla ya ajali. Akalala kwenye kitanda changu pale ndani, nikampapasa. Vidole vitano juu ya kinena. Nikamwambia, mwanangu, sheria ya kazi yenu unaijua, mjamzito hapandi mnara, kawaambie leo. Akasema, mama, niache mpaka ukaguzi uishe, Jumapili nitamwambia Zefania, nitamwambia na msimamizi. Nataka nimwambie vizuri, akasema. Nikakaa kimya. Mimi, Damari. Nimefukuza waume za watu milangoni, nimegombana na madaktari, na siku hiyo nikakaa kimya kwa sababu alinishika shingo kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo."

Alikuwa halii. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta pua kwa ncha ya mtandio.

"Nilipomaliza kumchonga," aliendelea, "nikamwangalia. Kila kitu kipo. Kovu, shingo, ile miguu yake ya kutembea haraka. Na nikaona nimechonga uongo. Hakufa hivyo. Hakufa yuko peke yake. Nikafungua nikamweka mwenzake, nikafunga."

"Mama, udongo hai unakuza."

"Mimi naujua udongo wa kichuguu tu. Huo wenu siujui."

"Ukikuta mtoto, unakuza mtoto. Tumbo litapanda na halitashuka. Zefania atauliza."

Hapo nikaona woga wake kwa mara ya kwanza. Alinyoosha mkono akanishika goti.

"Basi mtoe. Mtoe kimya kimya, usimwambie yule kijana. Anajilaumu mpaka hali chakula. Ukimwambia kulikuwa na mtoto, utamzika Jumamosi hiyo hiyo."

"Naweza kumtoa. Ni kubonyeza tu. Lakini ni wa nani, mama, niambie, ili nijue natoa mali ya nani?"

"Wangu."

"Na wa Zefania?"

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa minara, ukipeperusha makapi ya uwele uani, na yeye alikaa akiyatazama yanavyokwenda. Nilijuta kuuliza. Mimi ni nani? Fundi wa kugeuza ngozi. Nina haki gani ya kumsukuma mama aliyefiwa?

"Kesho ni Alhamisi," alisema mwishowe. "Mwambie aje karakanani saa nne. Nitakuwepo." Kisha, kana kwamba anajisemea: "Watoto elfu moja na mia mbili na kitu nimewapokea kwa mikono hii. Hakuna hata mmoja niliyemficha baba yake."

*

Saa nne kamili walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, mama mkwe na mkwe, na nafasi ya kiti kimoja kati yao, maana hata kwenye karakana heshima ya ukwe ni heshima. Kasele aliizima printa ili isipige kelele, akajifanya anasafisha vichujio.

Eliwaza alikuwa kwenye kioo kwa kimo chake halisi, ngozi imefungwa, kichwa kimeinama kushoto. Zefania alipomwona alisimama, akasogea, akaketi tena.

"Ndiye," alisema. "Mama, umemweza. Ndiye kabisa."

"Zefania, mwanangu, usinishukuru bado," alisema Bibi Damari. Mikono yake ilikuwa imeshika kifurushi cha kitambaa mapajani. "Eliwaza alikuwa na mimba ya vidole vitano. Miezi mitatu na nusu. Alikuwa akuambie Jumapili ile. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikamwacha akapanda. Hilo ni langu, usilibebe wewe."

Nimewahi kuona watu wakipokea habari mbaya. Wengine hupiga kelele, wengine huuliza maswali ya kijinga. Zefania aliniangalia mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumatatu. Yumo ndani ya faili. Mama alimchonga."

"Ulitaka kufanya nini?"

Kasele aliacha kusugua.

"Nilitaka kufuta," nikasema. "Nilitaka sana."

Akainuka akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na benchi, mikono kiunoni, anatazama juu kwenye majabali ambako mapanga ya mitambo yalikuwa yanazunguka taratibu kama siku zote. Bibi Damari hakumfuata wala hakugeuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa inatembea. Labda alikuwa anaomba, labda alikuwa anahesabu. Saa tano ikapita. Nilimwona Kasele anaangalia saa ya ukutani, akifungua mdomo, akiufunga.

Zefania aliporudi, macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa imetulia.

"Nionyeshe."

Nikamtenga yule mdogo, nikamleta kwenye kioo kwa kimo chake mwenyewe, bila kumkuza. Zefania aliinama. Akaweka vidole vyake juu ya kioo, kimoja kando ya kingine, kuanzia utosini, kwa uangalifu kama anayepima ufa kwenye chuma. Akahesabu kimoyomoyo. Akarudia.

"Kwangu mimi ni vinne," alisema.

"Vidole vyako vinene," Bibi Damari alisema. "Babake Eliwaza naye alikuwa hivyo hivyo. Kwa vidole vyake mtoto alikuwa mdogo siku zote."

Na hapo ndipo Zefania alipolia, kwa sauti, kichwa kwenye meza yangu kati ya glavu na kikombe cha chai, na mama mkwe akavuka ile nafasi ya kiti akamwekea mkono mgongoni. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia fomu.

Alipoweza kusema, niliwaeleza, maana muda ulikuwa unakwisha na mtu alipaswa kuwaeleza. Nikisema Acha, atakua ndani na hatazaliwa. Nikisema Futa, sehemu ile itabaki tupu. Nikisema Jaza, udongo utaziba, atakuwa mzito sawasawa, hakuna alama.

"Hawezi kukaa humo akikua," Zefania alisema. "Hiyo ni kumtesa."

"Hawezi," Bibi Damari alikubali. Akafungua kile kifurushi. Ndani kulikuwa na udongo wa kichuguu, mbichi, na juu ya udongo umbo la vidole vitano, magoti yamekunjwa, mikono mbele ya uso. Alikuwa amelifinyanga usiku kucha kwa mkono, bila glavu, bila kompyuta. "Huu hauna joto wala haukui. Mvua moja, mbili, unarudi ulikotoka. Nitamzika nyuma ya nyumba yenu, mahali wakunga tunapozika kondo la nyuma. Kama ukikubali, baba yake."

Alimwita hivyo, baba yake. Zefania alipokea kwa mikono miwili. Akakaa naye mapajani muda mrefu, kisha akamrudishia bibi, akafunga kitambaa yeye mwenyewe.

"Mfute huyo wa kwenye mashine," aliniambia. "Huyu ndiye."

Nilibonyeza Futa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilihisi kitufe kile kina uzito. Maandishi yakabadilika: *Nafasi tupu. Jaza?* Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye Ndiyo.

"Subiri," alisema Zefania. "Usijaze."

"Kaka, udongo hai unachukia nafasi tupu. Baada ya miaka mitano, sita, tumbo litaanza kubonyea. Kidogo kidogo. Wageni hawatajua, ila wewe utaona."

"Acha nione."

Nilimgeukia Bibi Damari. Alikuwa anafunga mafundo ya kitambaa chake, akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Kasele aliwasha printa bila kuambiwa, na harufu ya udongo wenye joto ikajaa karakana.

Jumamosi asubuhi tulimfikisha Eliwaza nyumbani kwa Zefania, Kasele akimshika miguu na mimi mabega, na wanawake wa ukoo wakaja mmoja mmoja kumshika mikono na kumwambia umekonda, umependeza, ulituacha vibaya wewe. Bibi Damari hakuwepo mlangoni. Alikuwa nyuma ya nyumba na jembe dogo, na aliporudi alinawa kwenye ndoo, akaingia kuwapa wageni chai. Zefania alisimama pembeni ya mkewe. Mkono wake alikuwa ameuweka chini ya kitenge, tumboni, mahali ambapo kwa sasa hakuna mtu yeyote angeona tofauti.

Nilirudi karakanani kumaliza karatasi. Jina la marehemu, kimo, uzito. Uzito ulikuwa pungufu kidogo, na Kasele alikuwa ameuandika kama ulivyo. Nikafika safu ya mwisho, ile niliyoipigania mwenyewe, ambayo kwa kanuni zangu mwenyewe inataka kila tundu liandikwe hata likiwa la sindano. Kasele alikuwa anachungulia juu ya bega langu kuona Hakimu ataandika nini.

Kasoro: Hakuna.